Kijana na Ndege Yake ya Mfano

Jioni moja alitujia kijana wa shule ya sekondari hapa Kolwezi, amebeba sanduku kwapani. Mjomba wake aishiye Ubelgiji alikuwa amempelekea zawadi: vipande vya plastiki ambavyo vikiungwa huwa mfano wa ndege ya jeti iitwayo Fouga Magister, kwa kipimo cha 1 kwa 72. Mkononi alishika pia orodha ndefu ya vipande vya ziada, vinavyouzwa na viwanda vingine kwa kuipamba ndege hiyo: viti vya marubani, mishipi, magurudumu, makombora na alama za kubandika. Akatuuliza, "Mwalimu, ninunue vipande gani, na vipande gani niviache?" Tukaijumlisha orodha pamoja naye. Kumbe bei yake ilipita bei ya sanduku lenyewe mara tatu, na fedha alizokuwa nazo ni akiba yake ya mwaka mzima.

Babu yake, aliyefuatana naye, hakupendezwa hata kidogo. "Ndege hiyo niliisikia kwa masikio yangu nikiwa mtoto," alisema. "Si kitu cha kuchezea."

Basi, ndugu wasomaji, tulipofikiri tuliona kwamba swali la mjukuu na neno la babu ni jambo moja.

Yafaa kwanza kuijua ndege yenyewe. Katanga ilijitenga na Kongo mwezi wa Julai 1960. Mwezi wa Februari 1961 ililetewa Magister tatu kutoka Ufaransa. Hazikuundwa hasa kwa vita, bali kwa kuwafundisha marubani: viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, injini mbili ndogo, na mkia wenye umbo la herufi V. Moja ilianguka mwaka ule ule. Ya pili ilitwaliwa na askari wa Umoja wa Mataifa mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, mwezi wa Agosti. Ikabaki moja tu, namba 93, nayo iliruka kutoka Kolwezi.

Ndege hiyo moja ilitosha kuleta hofu kubwa. Mwezi wa Septemba 1961 iliwashambulia kwa risasi na mabomu askari wa Ireland waliozingirwa Jadotville, yaani Likasi, tangu tarehe 13 hadi 17. Umoja wa Mataifa haukuwa na jeti za kivita za kuizuia. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alisafiri kwenda Ndola kutafuta amani, na ndege yake ilizunguka mbali ili kuiepa anga ya Katanga. Ikaanguka karibu na Ndola. Watu 16 waliokuwamo wakafa, mmoja wao baada ya siku chache, na chanzo chake kingali chabishaniwa hata leo. Mwezi wa Oktoba Sweden ilileta jeti zake aina ya Saab J 29, zilizoitwa kwa utani "pipa" kwa ajili ya unene wake. Na mwezi wa Desemba ndege za Umoja wa Mataifa ziliupiga uwanja wa Kolwezi.

Tulipokwisha kumweleza kijana hayo, tulirudi kwenye orodha. Kanuni yetu ilikuwa moja: kila kipande kijibu swali, Je, kitu hiki kilikuwamo katika ndege ile, mahali pale, mwaka ule?

Juu ya orodha palikuwa na viti vya kumrusha rubani nje wakati wa hatari, vizuri sana kwa macho, vimefinyangwa kwa rezini. Lakini Magister haikuwa na viti vya namna hiyo! Saab ya Waswidi ilikuwa navyo, Magister, sivyo. Kijana angelipa fedha nyingi ili aitie ndege yake uongo. Tukavifuta. Makombora makubwa ya kuongozwa nayo tukayafuta, maana habari za ndege ya Kolwezi zataja bunduki mbili za puani na mabomu madogo.

Palikuwa pia na kifuniko cha kioo cha Zéphyr, ndugu yake Magister aliyetumiwa na wanamaji wa Ufaransa. Kifuniko chake huteleza kwenda nyuma, hali cha Magister hufunguka kwenda juu. Majina yakikaribiana, mnunuzi asiyesoma vizuri hupotea. Tena alama zilizokuja sandukuni zilikuwa za Patrouille de France, kikundi cha maonyesho kilichorusha Magister tangu 1964 hadi 1980. Kwa hiyo alama za Katanga na namba 93 zilistahili kununuliwa, baada ya kuzilinganisha na picha za wakati ule.

Cha pili kilichostahili ni kibao chembamba cha mishipi na saa za rubani. Vitu hivyo hukatwa kwa asidi katika shaba iliyochanganywa na zinki. Mshipi wenye upana wa sentimita 5 hubaki chini ya milimita 1 kwa kipimo hiki, na plastiki haiwezi kuuonyesha vema. Kijana alicheka aliposikia hayo: shaba yatoka kwetu, yazunguka dunia, yaturudia kama mshipi wa rubani!

Yaliyobaki tulimwambia ayatengeneze mwenyewe. Watoto wetu huunda vigari kwa waya na makopo. Je, watashindwa na bomba la breki? Uzi wa shaba uliotolewa katika waya mbovu wa umeme watosha. Hata darubini ndogo ya mwalimu, aliyeketi nyuma asiweze kuona mbele, yaweza kuchongwa kwa kipande cha plastiki. Puani atie nati ndogo, la sivyo ndege itaketi kwa mkia. Shaba na rezini hazishikwi na gundi ya plastiki, zataka gundi kali ya papo hapo. Na rezini isuguliwe ikiwa imelowa maji, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa mvivu atafutaye sababu ya kutolima. Lakini kijana huyu alichagua ili apate kufanya kazi, na akiba yake nyingi ikabaki mfukoni.

Baada ya miezi miwili alituletea ndege, urefu wake sentimita 14. Chini ya kibao chake alikuwa ameandika: Kolwezi na Jadotville, Septemba 1961. Babu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaonyesha kwa kidole. "Ilikuwa ikija kwa upande huu," alisema, "na mama alituvuta chini ya kitanda." Mjukuu alikuwa hajapata kusikia habari hiyo. Akaketi karibu na babu, akamwomba aendelee.