NDANI YA KARAFUU MNA NINI?

Na Katibu wa Chama



Mtu akimwuliza mkulima harufu ya karafuu yatoka wapi, atajibiwa yatoka katika mafuta yake, na jawabu hilo ni sahihi. Chukua karafuu mbichi uiminye kwa ukucha, utaona mafuta yakijitokeza. Yamo katika vifuko vidogo mno vilivyo chini ya ngozi yake. Lakini akizidi kuuliza, na mafuta hayo yamefanywa kwa kitu gani, hapo wengi wetu hunyamaza. Mkarafuu haukunyweshwa mafuta. Umekunywa maji, umevuta hewa, umepata jua na chumvi za ardhini, basi.

Swali hilo ni la elimu iitwayo baiokemia, yaani kemia ya vitu vyenye uhai. Zamani wako wataalamu wa Ulaya walioshikilia kwamba kazi za namna hii hazifanyiki ila ndani ya kiumbe kilicho hai. Mwaka 1897 Mjerumani mmoja, Eduard Buchner, alisaga hamira pamoja na mchanga mpaka chembe zake zikapasuka, akakamua maji yake, akatia sukari ndani. Hamira ilikwisha kufa, lakini maji yale yakaanza kutoa mapovu, na sukari ikageuka kuwa alkoholi kana kwamba hamira ingali hai. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1907. Yaliyokuwa yakifanya kazi ndani ya maji yale ni vimeng'enya. Kimeng'enya ni kama fundi ajuaye kazi moja tu: huyu hukata, yule hubandika, wa tatu hung'oa, na kila mmoja humpokea mwenziwe. Mwilini mwetu wamo maelfu, na mkarafuuni kadhalika.

Mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa kabisa ni kitu kiitwacho yujenoli. Mti huanza na fenilalanini, ambayo ni moja katika vipande vinavyojenga protini. Nasi twaila kila siku katika samaki na maharage. Fundi wa kwanza huing'oa sehemu yenye naitrojeni, ikabaki asidi iliyopewa jina la mdalasini, maana jamaa zake hupatikana humo. Mafundi wengine wakaibadili hatua kwa hatua mpaka ikawa alkoholi ya koniferili. Hapa ndipo penye ajabu. Alkoholi hiyo hiyo ndiyo mti huitumia kufanya lignini, kitu kinachoufanya mbao uwe mgumu. Basi gogo la mkarafuu na harufu ya karafuu ni watoto wa mama mmoja. Wameachana njia panda tu.

Njia ya mwisho ya kuifikia yujenoli ilifichika kwa miaka mingi. Ilifumbuliwa mwaka 2006 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, pamoja na wenzao. Wala hawakutumia mkarafuu. Walitumia ua la petunia na mrehani, huu huu tunaoupanda uani kwa ajili ya vikuba. Waliona kwamba ile alkoholi kwanza hubandikwa kipande kidogo cha asidi ya siki, kisha fundi mwingine hukibandua, na katika kukibandua ikatoka yujenoli. Mkarafuu wenyewe umekuja kuchunguzwa baadaye, na mwaka 2022 ilichapishwa ramani ya urithi wake wote.

Mti haufanyi kazi yote hiyo kwa ajili yetu. Yujenoli hudhuru ukungu, bakteria na wadudu wengi, na chipukizi la ua ni kitu laini chenye kutamaniwa. Ndiyo sababu karafuu kavu hutoa mafuta kiasi cha 15 hadi 20 katika kila 100 ya uzito wake, makonyo kama 5 hadi 7, na majani 2 au 3 tu. Ua likishafunguka na kuwa tunda, mafuta hupungua sana. Mwenye kuchelewesha mchumo hupoteza mafuta kabla ya kupoteza kitu kingine chochote.

Na tuseme la kuanika, kwa kuwa hapa ndipo fedha yetu inapopotea. Karafuu iliyochumwa haijafa. Ingali inapumua na vimeng'enya vyake vingali kazini, kama maji ya Buchner. Ukiirundika mbichi ndani ya gunia usiku kucha, au kuiacha na mvua sakafuni, hupata joto, hamira na ukungu huingia, na mwisho wake ni zile karafuu nyeupe zilizosinyaa ambazo kila mnunuzi huzitupa kando. Vimeng'enya haviwezi kazi pasipo maji. Jua la jamvini huvinyang'anya maji hayo, na ndiyo maana pishi tatu za uzito wa mbichi hubaki kama moja ikikauka. Anayelalamika kuwa jua linampunguzia uzito afahamu kuwa kinachopungua ni maji, na maji hayana bei.

Kuna wakati yujenoli ilitumika pia kufanyia vanila ya kiwandani, tangu mwishoni mwa karne ya 19. Katika miaka ya 1930 soko hilo likachukuliwa na lignini ya mabaki ya viwanda vya karatasi. Ndugu yake wa gogoni ndiye aliyemwibia kazi.

Limebaki neno moja zito. Mafuta ya karafuu hutia ganzi jino kwa kuzuia mishipa ya fahamu isipeleke habari ya maumivu, na madaktari wa meno wameyatumia tangu zamani. Hayo ni ya tone moja juu ya jino. Kuna wazazi wanaodhani kwamba kinachofaa kwa tone hufaa zaidi kwa kijiko, hasa mtoto akiumwa tumbo. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza walieleza habari za mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mililita 5 hadi 10 tu, akazimia, ini lake likaharibika, akanusurika chupuchupu. Yujenoli kidogo ini huimudu. Ikizidi, hugeuka sumu na kumaliza glutathioni, ambayo ndiyo kinga ya ini. Dawa waitumiayo madaktari kwa aliyezidisha parasetamoli huirudishia ini kinga hiyo, nayo imepata kutumiwa kwa mafuta ya karafuu vile vile. Chupa iwekwe juu asipofika mtoto. Na ikitokea ameyanywa, asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe pamoja naye ili daktari aione.