Watoto machimboni, wazazi kijijini: Namna ya kuifanya nyumba ya mzee iwe salama Wamaza

Usiku mmoja wa mvua unatosha. Mama aliyevuka miaka 70 anaamka gizani, anapapasa kandambili, anavuka kizingiti na kushika njia ya chooni nyuma ya nyumba. Udongo mwekundu umelowa. Anateleza, anaanguka kwa ubavu, anaita. Mvua inapiga juu ya mabati mapya aliyonunuliwa na mwanawe, na hakuna jirani anayemsikia hadi kunakucha.

Kisa cha namna hii hakitafutwi mbali huko Wamaza, kusini mwa mkoa wa Maniema, upande wa Kasongo na Kabambare. Vijana wengi wa eneo hilo wameondoka. Kuna waliofuata dhahabu machimboni Namoya na Salamabila, na kuna waliokwenda Kindu, Bukavu au Lubumbashi. Nyumbani hubaki baba au mama, pengine na mjukuu mmoja anayeshinda shuleni.

Watoto hao hawajawasahau wazazi. Wakipata kitu wanatuma kwa simu, na mara nyingi jambo la kwanza wanalotaka kumfanyia mzee ni kuondoa nyasi na kuweka mabati. Ni heshima, na ni kinga ya mvua na moto. Lakini kinachomwangusha mzee kwa kawaida hakiko juu ya paa. Kiko chini, miguuni mwake.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na kuanguka. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaoumia zaidi ni watu waliopita miaka 60.

Kwa mzee wa kijijini, kuvunjika nyonga si jambo la wiki mbili. Upasuaji wa nyonga haupatikani katika kila hospitali, na kutoka Kasongo hadi Kindu, makao makuu ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 200 za barabara inayosumbua hata magari makubwa. Mzee asiyetibiwa hubaki kitandani. Hapo hufuata vidonda vya mgongo, homa ya mapafu na, mara nyingi, kifo. Ndiyo maana msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta unafaa kuchukuliwa hapa kama ulivyo.

Habari njema ni kwamba nyufa nyingi huzibwa kwa panga, jembe, miti na siku mbili tatu za kazi. Wakati mzuri ni kiangazi, kati ya Juni na Agosti, kabla mvua hazijarudi.

Kazi ianze na njia ya chooni. Mizizi na mawe yang'olewe, mashimo yazibwe, changarawe imwagwe, na mfereji mdogo uchimbwe pembeni ili maji yasipite katikati. Upande mmoja wa njia uwekwe miti migumu iliyofungwa mianzi kwa urefu wa kiuno, ili mkono uwe na pa kushika kutoka mlangoni hadi mwisho. Ndani ya choo, mzee asiyeweza tena kuchuchumaa anaweza kutengenezewa na seremala kiti imara cha mbao kilichokatwa tundu na kuwekwa juu ya shimo, pamoja na mti wa kujiinulia. Kwa usiku, ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda si aibu. Inamwepusha na giza, matope na nyoka.

Mlangoni, kizingiti kirefu kipunguzwe. Kama nyumba imeinuliwa juu ya msingi, ngazi ziwe fupi na pana, na kingo zake zipakwe chokaa au udongo mweupe ili macho yenye ukungu yazione. Wazee wengi wana mtoto wa jicho, na ngazi ya udongo juu ya sakafu ya udongo kwao ni kitu kimoja.

Taa ndogo ya jua, inayochajiwa mchana na kutundikwa karibu na kichwa cha kitanda, ni salama kuliko kibatari, hasa chini ya paa la nyasi. Kitanda chenyewe kiwe na urefu wa goti. Anayelala kwenye mkeka hupata taabu kuinuka, na kitanda kirefu mno humwacha akining'inia. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro, kisiburute sakafuni kikamnasa miguu.

Jikoni, hatari ni kuinama. Mafiga matatu chini humlazimisha mzee kuinama juu ya moto akiwa amevaa kikwembe kinachoning'inia. Jiko la udongo lililoinuliwa hadi usawa wa kiuno, au mbabula iliyowekwa juu ya jukwaa imara la matofali, humpunguzia moshi, kizunguzungu na kuungua. Vyombo vya kila siku vishushwe mahali pa kufikiwa bila kupanda kigoda.

Maji nayo yana uzito wake. Bidoni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, na njia ya chemchemi mara nyingi ni mteremko unaoteleza. Mzee anayetaka kuchota mwenyewe apewe bidoni ya lita 5, na zile kubwa zibebwe na vijana wa jirani kwa malipo madogo yanayotumwa kila mwezi.

Dawa pia huangusha. Anayemeza vidonge vya tansio anaweza kushikwa na kizunguzungu anaposimama ghafla. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja, miguu chini, ndipo ainuke. Fimbo yake ifungwe kipande cha tairi kuukuu mwishoni, isiteleze.

Hata hivyo, hakuna nyumba inayomlinda mtu asiyeulizwa hali. Kijijini, moshi wa asubuhi ni salamu. Familia inaweza kukubaliana na jirani kwamba jua likipanda bila moshi kuonekana, mtu apige hodi. Mtoto aliye mbali achague saa moja ya kupiga simu kila siku, na awe na namba ya jirani huyo. Mzee akianguka na mguu ukaonekana mfupi au umegeukia nje, asiinuliwe kwa nguvu wala kupakiwa kwenye pikipiki. Abebwe kwa machela, mguu ukiwa umetulizwa.

Kasongo ina jina katika historia ya afya ya Kongo. Katika miaka ya 1970, madaktari walijaribu hapo mfumo wa vituo vya afya vilivyo karibu na watu, vikisaidiwa na hospitali moja. Kazi kubwa ya vituo vya namna hiyo imekuwa kwa wajawazito na watoto. Wahudumu wa kijiji, wanaoitwa reko, wanaopita nyumba kwa nyumba, wangeweza pia kuitazama njia ya chooni ya mzee.

Sheria inawapa wazee haki hiyo. Ibara ya 49 ya Katiba ya mwaka 2006 inasema watu wa umri mkubwa wana haki ya kulindwa kwa hatua maalumu. Lakini pensheni ya Kongo humfikia hasa aliyekuwa na ajira rasmi, na mkulima wa mpunga na muhogo hayumo. Zanzibar, tangu Aprili 2016, ilianza kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Wamaza bado hutegemea watoto.

Na watoto wanapaswa kukumbuka jambo moja: mzee haamrishwi nyumbani kwake. Wengi hukataa kuhamia mjini kwa sababu shamba, makaburi ya wenzao na watu wa kusali nao viko pale. Kabla ya kukata mti wowote, mtoto aliyerudi likizo amfuate mzazi siku nzima, kutoka kitandani hadi jikoni, chooni na kisimani, na kumuuliza ni wapi anaogopa kukanyaga. Mzee anapajua. Mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza.