UZI: Maiti achunguzwe bila kupasuliwa, inawezekana?

1/ Mtu akifia seli ama barabarani kwa njia ya kutatanisha, siasa huanzia matangani. Mmoja: "Apasuliwe tujue ukweli." Mwingine: "Mwacheni apumzike." Siku hizi kuna wa tatu: "Nunueni mashine, kisu cha nini?" Tuichambue hiyo hoja, bila kutaja mwanasiasa wala chama.

2/ Sisi wa Busia na Malaba hili si geni. Lori hupitishwa kwenye skana mpakani, mzigo ukaonekana bila sili kukatwa. CT hufanya hivyo kwa mwili: picha nyingi za eksirei, kompyuta inaziunganisha. Watafiti wa Bern, Uswisi, walianza kuchunguza maiti hivyo karibu mwaka 2000.

3/ Inaona nini? Risasi ilipokwama, mifupa iliyovunjika, damu iliyovuja kichwani. Kwa familia ya Kiislamu inayotaka kuzika haraka, ama mama asiyetaka mwanawe aguswe na kisu, hilo si jambo dogo.

4/ Haioni nini? Sumu. Na mara nyingi mshtuko wa moyo ama damu iliyoganda mapafuni. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2012, maiti 182: CT ilitofautiana pakubwa na upasuaji kuhusu chanzo cha kifo kwa asilimia 32. Anayekuahidi kuwa mashine itamaliza upasuaji anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

5/ Kuna njia ya katikati. Hapa jirani, Siaya na Kisumu, mradi wa CHAMPS pamoja na KEMRI ulianza 2017 kuchukua sampuli kwa sindano kwa watoto waliofariki kabla ya miaka 5, wazazi wakikubali. Lakini hapo wanatafuta ugonjwa, si muuaji.

6/ Sasa siasa yenyewe: picha inakaa na nani? Mwili ukishazikwa, kuuchunguza tena ni kufukua kaburi. Picha hubaki. Daktari wa familia anaweza kuisoma hata mwaka ujao, ikiwa atapewa. Bunge lilipitisha sheria 2017 ya kuunda huduma huru ya kuchunguza vifo kama hivi, ili kazi isiachiwe polisi pekee. Miaka ikapita, huduma haijaanza.

7/ Kwa hivyo akisimama mtu mazishini aahidi skana, muulize: Nani ataisoma? Familia itapewa nakala? Na ile sheria ya 2017? Bila majibu, mashine hiyo ni fisi kuachiwa bucha.