Barua za Chama na Gharama Zake

Katika hesabu za vyama vya msingi vya Tarime na Serengeti, fungu la posta huonekana dogo, nalo hupita mkutanoni bila mtu kuuliza swali. Lakini gharama kubwa ya barua mara nyingi haimo katika fungu hilo. Imo katika fungu la safari. Katibu anayetoka kijijini kupeleka bahasha moja Mugumu hulipwa nauli na posho. Akiipeleka Musoma, huenda akalazimika kulala huko. Stempu ya bahasha hiyo ni sehemu ndogo mno ya fedha hizo. Na kwa kuwa fedha za chama hutokana na ushuru unaokatwa katika kila kilo ya kahawa, pamba au tumbaku, anayeilipia safari hiyo ni mkulima.

Yafaa basi kila barua ipimwe kabla haijatoka ofisini: ikichelewa, chama kitapata hasara gani? Na ikipotea, je? Barua nyingi zinaweza kuchelewa siku tatu bila dhara lolote. Hizo zitumwe kwa stempu ya kawaida, tena zingojane. Chama kikiwa na barua tano za kwenda kwenye Chama Kikuu katika juma moja, ziwekwe zote katika bahasha moja, kila moja ikiwa na jina la ofisa anayehusika.

Posta hutoza kwa uzito, na kiwango cha kwanza kilichozoeleka katika nchi nyingi ni gramu 20. Karatasi moja ya A4 ya kawaida ina gramu 5, na bahasha ndogo ina uzito unaokaribia huo. Kwa hiyo karatasi tatu zatosha kukijaza kiwango hicho, na ya nne hukivuka. Katibu anayepiga chapa pande zote mbili za karatasi hutuma kurasa sita kwa bei ya zile tatu. Viwango hubadilika mara kwa mara. Hapana budi kuomba kaunta orodha ya bei na kuibandika ukutani mwa ofisi.

Barua ya rejista ni kwa vitu visivyoweza kuandikwa upya: mikataba, hati za mali, stakabadhi halisi. Risiti ya Posta ibanwe pamoja na nakala ya barua, kwani ndiyo ushahidi wa chama. Huduma ya haraka ya EMS inafaa pale tarehe ya mwisho inapokaribia. Lakini bahasha iliyokaa siku nne mezani kwa katibu ikingojea saini ya mwenyekiti haiwezi kurudishiwa siku hizo na EMS. Wapo pia wanaokabidhi bahasha kwa mabasi. Bei yaweza kuwa nafuu, ila basi liwe na leseni ya kubeba vifurushi, na litoe risiti.

Taarifa iliyokwisha kuingizwa katika MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, haina haja ya kusafirishwa tena kwa karatasi, isipokuwa ofisi ya Mrajis imeitaka. Kutuma mara mbili “kwa usalama” ni kulipa mara mbili.

Jambo linalodai uangalifu zaidi ni mialiko ya mikutano mikuu. Wanachama wengi hawana sanduku la posta, na kumtumia kila mmoja barua ni kupoteza stempu. Tangazo lenye tarehe libandikwe kituo cha kununulia mazao, na mialiko ya wajumbe ipelekwe na tarishi mwenye daftari la kutiwa saini. Mwaliko ukifika siku ambazo ni pungufu ya zile zilizowekwa na masharti ya chama, maamuzi yote yaweza kupingwa. Mkutano wa marudio hudai nauli na chakula kwa mara ya pili, na malipo ya wakulima yaliyokuwa yakingojea uamuzi huo hukaa tu.

Mwisho ni sanduku lenyewe la chama. Ada yake ni ya kila mwaka. Isipolipwa, sanduku laweza kufungwa, na chama hakitajua ni barua zipi kilizozikosa. Risiti ya ada hiyo iwekwe ndani ya daftari la barua, mahali ambapo mkaguzi ataiona.