Kisu cha Babu: Kitumike au Kihifadhiwe?

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo kinachoingia mfukoni, lakini ambacho kilikaribia kutenganisha jamaa moja. Ni kisu cha kukunja alichotuachia babu yetu.

Babu alikuwa mmoja wa vijana wengi wa Ukambani walioingia katika jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1944 alikuwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw katika mvua kubwa hata ikauvuka mto Chindwin. Kisu chake kilikuwa kama visu vingi vya askari wa Waingereza wa siku hizo: bapa moja pana, kifungulio cha mikebe, na mwiba mnene wa chuma wa kulegezea mafundo ya kamba. Alirudi nacho nyumbani, akakitumia miaka mingi kukatia masega ya asali, kuchongea mipini na kumenyea maembe.

Alipofariki, kisu kilibaki kwa kaka yetu mkubwa huko Kitui, naye akakitia katika mfuko wake wa ngozi, akakiweka chini kabisa ya sanduku la bati. Baadaye mpwa wetu wa Makueni, mwenye shamba la miembe, akakiomba akitumie. Kaka akakataa. "Kisu hiki ni babu mwenyewe," alisema. "Hakiendi shambani kuchezewa." Kijana akajibu, "Mjomba, babu hakuwa mtu wa kukaa sandukuni." Maneno yakawa mazito, hata Krismasi moja wawili hao hawakula pamoja. Ndipo tulipoitwa sisi, kwa sababu ya kazi yetu ya uchungaji, tupatanishe.

Kabla ya kutoa neno tuliomba kisu kiletwe. Kilipotolewa mfukoni, wote tulinyamaza. Kutu ilikuwa imekila, na bawaba imekaza hata ikatubidi kuitia mafuta na kungoja. Kaka alidhani amekihifadhi, kumbe alikuwa amekificha tu. Ngozi huvuta unyevu na kuushika, na mara nyingi ina chumvi na dawa zilizotumika kuitengeneza. Chuma cha kale kikikaa humo muda mrefu, huoza. Kisu cha kuhifadhiwa hupakwa mafuta mepesi, kama yale ya cherehani, kikafungwa katika kitambaa kikavu, kisha hutazamwa kila baada ya miezi michache.

Lakini kukitumia nako kuna sheria zake. Maji makali ya embe na chungwa hula chuma, kwa hiyo kisu kikishakata kioshwe na kukaushwe papo hapo. Weusi unaotanda polepole juu ya bapa usikutishe, maana hukinga chuma kidogo. Adui ni kutu nyekundu. Tena, kila kinaponolewa, chuma kidogo huondoka wala hakirudi. Tumia kinoo laini chenye maji, usikipeleke kwenye mashine, kwa maana joto likizidi chuma hugeuka rangi ya samawati na kupoteza ugumu wake. Wala usikilazimishe kazi isiyo yake. Kupandikiza miembe kunataka kisu chembamba, kikali na safi. Bapa nene la askari, tena lenye vishimo vya kutu, litamharibia mkulima miche yake.

Maandiko nayo hayatupi jibu moja kwa vitu vyote. Fimbo ya Haruni iliyochipuka iliwekwa mbele ya Ushuhuda kwa agizo la Mungu, iwe ukumbusho. Upanga wa Goliathi ulitunzwa huko Nobu, umefungwa katika nguo, lakini Daudi alipofika hana silaha, kuhani Ahimeleki alimpa auchukue. Na ile nyoka ya shaba ya Musa ilitunzwa hata watu wakaifukizia uvumba, ndipo mfalme Hezekia akaivunja. Basi tusiulize tu kitu kina miaka mingapi. Tuulize kinafanya kazi gani kati yetu.

Tuliwauliza, "Kisu hiki kikipotea, ni nini kitakachopotea pamoja nacho?" Kaka akafikiri, akasema, "Habari za babu." Tukauliza ni nani kati ya vijana anayezijua habari hizo. Hakuna aliyejibu. Mpwa wetu mwenyewe hakujua kwamba babu alifika Burma. Kaka akainamisha kichwa. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tulikubaliana hivi. Kwanza, kaka aeleze anayoyajua, na kijana ayaandike. Pili, kutu iondolewe polepole kwa mafuta na kitambaa, bila tupa. Tatu, kisu kikae Makueni kwa kazi nyepesi za kukata kamba na kumenya matunda, na kila Krismasi kiletwe Kitui, kitazamwe na wote. Siku bapa litakapolegea au kuwa jembamba mno, kitapumzishwa.

Nawe mpenzi, kama umeachiwa kitu cha namna hii, kitazame kwanza. Kikiwa kimechoka, au kina jina lililochorwa ambalo litafutika, kihifadhi kwa uangalifu. Kikiwa kingali imara, kitumie kwa heshima. Lakini usikubali kikate undugu, maana jeraha hilo halishonwi upesi.

Krismasi iliyofuata kijana alifika na kapu la maembe. Alikifungua kisu, akamgeuzia kaka yetu mpini, akasema, "Mjomba, anza wewe." Kaka akakata embe la kwanza, na habari za Burma zikaanza.

Mungu atupe hekima ya kujua cha kutunza na cha kutumia. Amin.