Kufufua gari la spoti la zamani: Spea zipo, kazi ni kujua ipi itaingia

KWA miaka 22 Datsun 240Z ya babu mzaa mama ilikaa chini ya mti wa parachichi nyumbani kwao Bahati, Kaunti ya Nakuru. Magurudumu yalizama, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva, na majani yakajaa mahali pa betri.

Babu alipofariki, mjomba alitaka kujenga nyumba za kupangisha pale pale. Mnunuzi wa vyuma kuukuu akaja na mzani.

Nilimwomba mjomba muda. Nilikuwa na miaka 24, diploma ya ufundi wa magari na akiba ya vibarua vya gereji.

“Mpwa wangu, mimi sina vita na hilo gari,” akaniambia. “Lakini Desemba ikifika halijatoka hapa kwa miguu yake, linaenda kwa mzani.”

Huo ulikuwa mwezi wa pili. Miezi kumi, basi.

Gari lenyewe si la mchezo. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiendesha 240Z. Mwaka wa 1973, mashindano hayo yalipokuwa sehemu ya msimu wa kwanza kabisa wa Ubingwa wa Dunia, Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari aina hiyo hiyo. Wazee wengi wa Nakuru, ambako Safari ilikuwa ikipita, bado wanakumbuka ule mlio.

Tena ukilipoteza, kulipata jingine ni kibarua. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane. Kwa vijana wengi wenye ndoto ya gari la zamani, njia iliyo wazi ni kufufua lile ambalo tayari liko nchini.

KUTU KWANZA, INJINI BAADAYE

Kosa la wengi ni kukimbilia injini. Injini hufunguliwa mezani ikatengenezwa. Bodi iliyooza ndiyo huua mradi, maana 240Z haina fremu ya kando kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu.

Kabla ya kununua gari kama hili, beba sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa laini. Ipitishe chini ya milango, nyuma ya magurudumu na kwenye kingo za mlango wa nyuma. Ikikataa kushika, hapo hakuna chuma, kuna fila iliyopakwa rangi.

Halafu inua zulia. Kwenye 240Z, angalia sana chini ya betri. Asidi ikimwagika hushuka kwenye mhimili wa chuma ulio chini yake na kuula polepole.

Letu lilikuwa na matundu mawili sakafuni ya kupitisha kichwa. Binamu yangu, ambaye kazi yake ni kuchomelea mageti, aliangalia akacheka, kisha akanyamaza.

Kuna watu ng’ambo wanaotengeneza upya sakafu na mihimili ya 240Z, hasa Marekani, kwa sababu huko ndiko magari haya yaliuzwa kwa wingi. Lakini bati ni zito, na nauli ya ndege haina huruma. Tuliagiza mihimili miwili tu, ambayo umbo lake ni gumu kuiga. Sakafu tukaikata na kuikunja wenyewe kwa bati la geji 18 hapa hapa mjini.

Jambo moja usilisahau: usikate pande zote mbili kwa wakati mmoja. Tulichomelea vyuma vya kushikilia bodi ndani, tukapima nafasi za milango, kisha tukafanya upande mmoja hadi ukaisha. Ukienda pupa, bodi inajipinda na milango haitafunga tena maishani.

HERUFI MOJA ILIYONILA PESA

Dashibodi ilikuwa imepasuka kwa jua, jambo la kawaida kwa magari haya. Nikaona mpya ya nakala mtandaoni, picha safi, muuzaji wa Marekani. Nikalipa.

Ilipofika tuliifungua kwa shangwe. Mahali pa usukani palikuwa upande wa kushoto.

Namba ya chesi ya 240Z imepigwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na kiti cha dereva. Ikianza na HLS30, hilo gari lilitengenezwa na usukani wa kushoto. Ikianza na HS30, usukani ni wa kulia, kama letu. Kukosekana kwa herufi L kulikuwa kunanionya tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuwa naipaka namba hiyo grisi tu.

Pesa hazikurudi, kwa kuwa muuzaji alikuwa ameandika yote wazi. Kosa lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo niligawa orodha yangu mara mbili. Taa, vioo, bampa na raba za milango haziangalii usukani uko wapi, kwa hivyo unaweza kuagiza popote. Dashibodi, mtambo wa usukani, pedali na mfumo wa waipa hutofautiana. Hizo zitafute Australia, Uingereza au Japani, ambako wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi.

Piga pia hesabu ya forodha kabla ya kubonyeza ‘nunua’. Ushuru haukokotolewi kwa bei ya kipuri pekee. Nauli na bima huongezwa kwanza, kisha ushuru, halafu VAT ya asilimia 16 na ada nyingine.

DATSUN YA KAWAIDA ILIVYOTUOKOA

Injini ya 240Z inaitwa L24. Ina silinda sita na ujazo wa sisi 2,393. Kipenyo cha silinda ni milimita 83 na mwendo wa pistoni milimita 73.7.

Sasa chukua injini ya L16, ile ya silinda nne iliyokuwa kwenye Datsun 160J na 1600. Vipimo ni vile vile, 83 kwa 73.7. Ni ndugu wa damu, ila L24 imeongezewa silinda mbili.

Maana yake ni kwamba baadhi ya vitu vya ndani vinaweza kuingiliana. Tulizunguka Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, tukiulizia spea za 160J badala ya 240Z. Ukitaja 240Z unaangaliwa kama sonko na bei inapanda. Ukitaja 160J, mzee anapanda ngazi, anapangusa vumbi kwenye boksi la zamani na kukuuzia kwa bei ya binadamu.

Ila beba kifaa cha kupimia na kipuri kilichotoka. Usinunue kwa maneno.

NAKALA SI BANDIA

Watu huchanganya mambo haya. Kuna kipuri halisi cha kiwandani kilichobaki stoo. Kuna nakala, kilichotengenezwa upya na mtu mwingine anayesema wazi kuwa si cha kiwanda. Na kuna bandia, kinachovaa boksi na nembo ya kiwanda ili kukudanganya.

Nakala nzuri inaweza kulifaa gari vizuri tu, lakini jiandae kuirekebisha. Raba za milango tulizonunua zilikuwa nene kuliko za zamani. Ilitubidi tusogeze bawaba na kitasa mara kadhaa ndipo mlango ukakubali kufunga bila kupigwa teke.

Kwa breki usicheze kamari. Raba za silinda kuu, mipira ya breki na pedi tulinunua kwa wauzaji wanaotoa risiti na kukubali kurudishiwa. Dashibodi mbaya itakuaibisha mbele ya marafiki. Breki mbaya utaijua ukiteremka mlima.

KAZI IPO HAPA

Kuna soko pia. Mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic yalianza 2003, na maonyesho ya Concours d’Elegance yamekuwa yakifanyika Nairobi tangu 1970. Magari hayo yanahitaji mikono: wa kukunja bati, wa kushona viti, wa kusafisha kabureta mbili hadi zipumue pamoja.

Binamu sasa ana mtu wa pili aliyemletea gari la zamani lenye sakafu iliyooza. Alimwonyesha picha za kazi yetu, akapewa amana. Kwa hivyo piga picha kila hatua, na kila bolti uitie kwenye mfuko wenye jina. Na ukichomelea karibu na namba ya chesi, usiiguse. Ikiharibika, hata cheti cha umiliki hakitakutetea NTSA.

Desemba ilifika. Gari lilikuwa halijapigwa rangi, kiti kilikuwa kimoja, na dashibodi ni ile ile ya babu yenye nyufa, iliyofunikwa kwa kitambaa. Injini ilikataa mara tatu. Mara ya nne ikakohoa moshi mweusi, kisha ikashika.

Nililisukuma gia ya kwanza, likatoka chini ya mparachichi kwa miguu yake, mita kama 60 hadi kwenye geti. Mjomba alitembea kando yake mkono ukiwa juu ya paa. Tulipofika akauliza, “Rangi ni pesa ngapi?”

Bado tunaweka akiba ya rangi. Msingi wa nyumba za kupangisha umeshachimbwa, na mjomba ameagiza mwenyewe nafasi ya gari moja iachwe kando ya geti.