Popova, mkate unaoinuliwa na mvuke

Swali la kwanza ninaloulizwa kuhusu popova ni hamira inaingia kiasi gani. Haiingii kabisa, wala bekingi pauda. Mkate huu mdogo wa Kimarekani, wenye ganda kavu la kahawia na tumbo tupu, huumuliwa na mvuke peke yake. Ukishaujua mwenendo wa mvuke huo, popova hazikushindi.

Mzazi wake ni Yorkshire pudding ya Uingereza, rojo lililookwa chini ya nyama inayobanikwa ili lipokee mafuta yanayodondoka. Hannah Glasse aliyaandika mapishi yake katika kitabu chake cha mwaka 1747. Wamarekani waliacha mafuta ya nyama, wakatia siagi, wakaoka kwenye vikombe virefu. Jina lenyewe, "popover" kwa Kiingereza, linaeleza jinsi rojo linavyofura ghafla na kupita ukingo wa chombo. Kule Maine, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Acadia, mkahawa wa Jordan Pond House unajulikana kwa kuziandaa kwa chai na jamu.

Kwa popova 6 chukua mayai 3, maziwa kikombe 1 (ml 240), unga wa ngano kikombe 1 (takriban g 125), siagi iliyoyeyushwa kijiko 1 cha mezani na chumvi nusu kijiko cha chai. Piga mayai na maziwa, kisha tia unga, siagi na chumvi. Rojo hili ni ndugu wa lile la chapati za maji. Liwe jepesi la kumiminika. Vidonge vidogo visikusumbue. Lipumzishe nusu saa, unga unywe maji. Mayai yasitoke moja kwa moja kwenye friji, na maziwa yawe vuguvugu, kwa sababu rojo la baridi huchelewa kuchemka na ganda huwahi kukakamaa kabla mvuke haujalisukuma.

Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,600. Rojo likiingia kwenye oveni ya nyuzi 220 za Selsiasi, sehemu ya nje hushikana kwanza na kuwa ngozi. Ngozi hiyo, kwa gluteni ya unga na protini ya mayai, hunyumbuka kama puto. Ndani maji yanachemka, mvuke hauna pa kutokea, nao husukuma juu. Baadaye protini hukaza, wanga hushikamana, na kuta zikikauka husimama zenyewe. Andazi lenye tumbo tupu nalo limepulizwa na mvuke, ingawa lina hamira ya kulisaidia.

Kwa hiyo washa oveni mapema, na chombo kikiwa humo. Kikishika moto sawasawa kipake mafuta, mimina rojo lipite nusu kidogo, urudishe upesi. Oka dakika 20, shusha moto hadi nyuzi 180, endelea dakika 15 nyingine.

Katika muda huo usifungue mlango. Popova nyingi zinazoharibika huharibikia hapo. Joto la oveni hushuka ghafla, mvuke hupoa na kurudi kuwa maji, na kuta ambazo hazijakauka huanguka; zikishaanguka haziinuki tena. Ndiyo sababu sishauri kuzipalia moto kwenye sufuria kama mkate wa kumimina: makaa hupoteza nguvu, na huwezi kutazama bila kufunua.

Kosa la pili ni kuzitoa zikiwa na rangi ya dhahabu hafifu. Zingoje ziwe kahawia iliyoiva, ubavuni pia. Zikitoka, toboa kila moja kwa ncha ya kisu ili mvuke uliobaki upate njia, la sivyo utalilowesha ganda kutoka ndani.

Zipasue kwa mkono, tia siagi na asali. Mimi huzipenda zaidi na nyama ya kusaga iliyokaangwa kwa kitunguu. Rojo unaweza kulikoroga usiku ukalilaza kwenye friji, ilmradi asubuhi uliache lipoteze ubaridi kwanza. Popova zenyewe usizilaze. Zile ndani ya nusu saa, ganda likiwa bado linavunjika kwa sauti.